Mkono unaopiga: kwa wadogo zangu wa gitaa la rithimu

Wiki iliyopita nilikaa pembeni kwenye mazoezi ya bendi ya vijana. Magitaa mawili, besi, dramu na mwimbaji. Kabla hata hawajahesabu nne, wapiga gitaa wote wawili walishainamia amplifaya zao wakizungusha geini, kile kitufe kinachoifanya sauti ingurume, mpaka mwisho. Walipomaliza wimbo wa kwanza, mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, ile solo umeionaje?" Solo sikuisikia. Nilikuwa bado nautafuta wimbo wenyewe ndani ya ule mngurumo. Vijana hawa nawapenda, wana masikio na wana hamu, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza. Makosa yao ya siku ile niliyafanya yote mimi, na moja kati yake lilinipotezea rafiki.

1. Punguzeni geini.

Wengi mnadhani uzito wa bendi ya AC/DC unatokana na amplifaya iliyofunguliwa mpaka ipige kelele. Msikilizeni mpiga rithimu wao Malcolm Young peke yake, yule aliyesimama nyuma karibu na dramu huku mdogo wake Angus akikimbia jukwaa zima. Gitaa lake la Gretsch alilivua vinasa sauti vingine akabakiza kimoja, kile cha kwenye daraja. Alifunga nyuzi nene, na sauti aliiacha safi kiasi kwamba ndani ya kodi moja, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, unausikia kila uzi. Uzito wote ule unatoka mkononi. Chukueni "Back in Black" ya mwaka 1980: kodi za E, D, A, na baada ya kila kodi kuna nafasi. Ile nafasi nayo inapigwa! Anaikata sauti kwa makusudi ili sneya, ile ngoma ya mlio mkali kwenye dramu, ipate pa kuangukia. Ukiwa na geini ya kupitiliza, nyuzi zinaendelea kuvuma pale panapotakiwa kimya, na rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, inakufia mikononi. Hapo utaongeza sauti ukidhani ndiyo dawa, mwenzako naye ataongeza, na mwimbaji wenu atakauka koo bure.

2. Mkono unaopiga usisimame. Unashuka kwenye biti na kupanda katikati ya biti, hata pale usipogusa uzi wowote. Basi, hili halina maelezo mengi.

3. Mpiga dramu si mtumishi wako, wala si wa kusingiziwa.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo panaponiuma.

Nilikuwa na bendi iliyodumu miaka mitatu. Mpiga dramu wetu alikuwa mtu mkimya, anafika wa kwanza kwenye mazoezi na kuondoka wa mwisho. Tulipoanza kujirekodi, nikawa nahisi kila tukikaribia kiitikio wimbo unakuwa mzito, kama kuna mtu anauvuta nyuma. Nikamwambia, "Unapunguza kasi." Akaitikia kwa kichwa. Mazoezi yaliyofuata nikamwambia tena, safari hii mbele ya wenzetu. Nikaanza kumgeukia katikati ya wimbo na kumpigia mguu sakafuni ili anifuate. Mwishowe nikazungumza na wenzangu pembeni, mmoja mmoja, nikawashawishi kwamba tatizo ni yeye. Sikuwa na shaka hata kidogo. Aliambiwa asije tena, na hata huo ujumbe sikuufikisha mimi. Nilimtuma mpiga besi.

Tukapata mwingine. Kijana hodari, mikono myepesi. Baada ya miezi miwili nikaanza kuhisi mambo yaleyale: tukikaribia kiitikio, mzigo unarudi.

Tulipoingia studio, fundi wa kurekodi alizima kila kitu akaacha gitaa langu na mlio wa metronomi tu, kile kifaa kinachohesabu mapigo. Ubeti ulikuwa sawa. Zilipobaki ba mbili, yaani hesabu mbili za nne, kufika kwenye kiitikio, gitaa likaanza kukimbia. Kidogo tu, lakini kila mara, kwenye nyimbo zote nne. Bega langu lilikuwa likikaza kwa hamu ya kukifikia kiitikio, na mkono ukilifuata bega. Fundi hakusema neno. Alirudisha nyuma akapiga tena, na mimi nikakaa pale nikisikiliza nilichomfanyia mtu kwa miezi mingi.

Nilimfuata yule rafiki nyumbani kwake. Nilimweleza yote bila kupunguza. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa nakushikilia usianguke." Maana yake ni kwamba kile nilichokiita kuvuta nyuma kilikuwa ni yeye kuulinda wimbo dhidi yangu. Hakurudi kwenye bendi, alishapata watu wengine wanaomheshimu. Lakini alinipa Jumamosi mbili za maisha yake. Alikaa na vijiti na ubao wa mazoezi, akaniamuru nipige kodi moja tu, E, kwa saa nzima, huku yeye akiongeza na kupunguza mapigo bila kunionya. Sijawahi kujifunza kitu kikubwa kuliko hicho kutoka kwa mpiga gitaa yeyote.

Kwa hiyo: weka metronomi ilie kwenye biti ya pili na ya nne tu, jirekodi kwa simu, na ujisikilize kesho yake ukiwa umetulia.

Najua mtaniambia kwamba ndani ya bendi ya Rolling Stones mpiga dramu Charlie Watts alikuwa akimfuata mpiga gitaa Keith Richards. Ni kweli, na ndiyo sababu nyimbo zao zinayumba kwa utamu ule. Lakini mkono wa Keith unafuatika. Kabla ya kumdai mtu akufuate, hakikisha unajua unakokwenda.

4. Magitaa mawili yasipige kitu kimoja.

Huyo huyo Keith aliutoa kabisa uzi wa sita, akatyuni mitano iliyobaki G, D, G, B, D. Kwa mpangilio huo, kidole kimoja kikilala juu ya freti, vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa, unapata kodi nzima, na vidole vinavyobaki vinakuwa huru kuongeza na kuondoa noti ndogondogo ndani yake. Zaidi ya hapo, sauti za chini zinabaki wazi kwa ajili ya besi. Sikilizeni anavyopokezana na mpiga gitaa mwenzake Ronnie Wood, ambaye yuko naye tangu 1975: mmoja akiingia mwingine anatoka, mpaka huwezi kusema yupi ni rithimu na yupi ni solo. Vijana wangu wa wiki iliyopita walikuwa wote kwenye kodi ileile, freti ileile, mapigo yaleyale. Mmoja wenu apande juu ya shingo, apige nyuzi tatu nyembamba, au anyamaze ubeti mzima. Kunyamaza kunaruhusiwa.

5. Mapigo ya kushuka.

Johnny Ramone, mpiga gitaa wa bendi ya Ramones, alipiga kwa kushuka tu, wimbo baada ya wimbo. Kwenye albamu yao ya kwanza ya 1976 gitaa limewekwa upande mmoja na besi upande wa pili, kwa hiyo ukitoa spika moja ya sikioni unabaki na mwalimu peke yake. Miaka kumi baadaye James Hetfield wa Metallica akafanya hivyo kwenye "Master of Puppets", kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Si sifa za misuli hizi. Pigo la kushuka linakutana na nyuzi nene kwanza, la kupanda linakutana na nyembamba, na sikio linaitambua tofauti. Ukipiga kushuka na kupanda, rifu inabembea. Ukishuka tu, inasukuma. Kijana mmoja aliwahi kunijia amevimba mkono baada ya kulifanya zoezi hili siku nzima. Nilimfokea, kisha nikamshika kiwiko nikamwonyesha: harakati itoke kwenye kifundo cha mkono, ndogo, laini, na ukisikia maumivu acha papo hapo. Anza na mapigo 100 kwa dakika, ongeza matano kwa wiki.

6. Msidharau wimbo wa kodi moja. Mpiga gitaa Bo Diddley mwaka 1955 aliuacha wimbo wake karibu wote kwenye kodi moja, yeye na gitaa, Jerome Green na manyanga, na mpaka leo mwili haukubali kutulia ukiusikia. Ukishindwa kumfanya mtu atikise kichwa kwa kodi moja, kodi nane hazitakusaidia.

7. Na Jimi Hendrix, yule bingwa wa solo?

Nilijua mtamtaja. Huyu mnayemtolea mfano kila nikizungumzia rithimu alipiga nyuma ya kundi la Isley Brothers na nyuma ya mwimbaji Little Richard kabla dunia haijalijua jina lake. Sikilizeni mwanzo wa "Little Wing", 1967: dole gumba limezunguka juu ya shingo linashika besi, vidole vingine vinapamba kodi, na yote hayo hayaachi mwendo. Ni mpiga rithimu aliyekomaa yule. Mimi nilipoteza miaka nikikopi solo zake na kuyaruka mambo haya, nikidhani ni utangulizi tu.

8. Badilisheni nyuzi siku mbili kabla ya onyesho, zivuteni, tyunini, zivuteni tena.

Jumamosi tukikutana, kila mmoja aje na wimbo mmoja usio na solo. Geini nitaiweka mimi. Na mpiga dramu ndiye atakayehesabu, sisi wengine tutamwangalia yeye.