Bima ya mwavuli: kwanza niambie tuktuk zako zimekatiwa nini

Ndugu yangu, swali lako nimelielewa hivi. Una nyumba Bamburi na vyumba vya kupangisha nyuma, una gari la nyumbani na tuktuk mbili ziko kazini, na shemeji yako aliye Minnesota, Marekani, amekwambia ukate bima ya mwavuli kama yeye, ile inayolipa pale bima zako nyengine zikifika mwisho, usije ukashtakiwa ukauziwa nyumba. Sasa wauliza inafaa ama ni pesa za kutupa. Mie si mtu wa bima, nauza vifaa vya ujenzi hapa Kisauni, lakini nshatafunwa na nyoka huyo kwa hivyo hata unyasi naukwepa.

2018 nilimtuma mpwa wangu na gari langu la Probox akachukue mabati Mtwapa. Magharibi hivi, akakata kulia kuingia kituo cha mafuta, kijana wa boda yuaja upande wake kwa kasi, wakagongana. Mpwa hakuumia hata ukucha. Kijana mguu ulisagika chini ya goti, hospitali wakajaribu wiki mbili mwisho wakaukata. Miaka 26. Nilipoenda kumuangalia nilimkuta mamake kakaa kwenye kiti cha plastiki, kapakata raba moja ya mwanawe, ya kushoto, na mguu uliokatwa ndo huo wa kushoto. Nilitoa pole nikakosa la kuongeza.

Na mie wakati huo silali na wasiwasi kabisa, gari nimelikatia bima ya komprihensivu. Nilidhani komprihensivu maana yake kila kitu kimefunikwa. Kumbe kwa sheria yetu ya Kenya ya bima za magari, ile Cap 405 (sura ya 405), kampuni ya bima inabanwa mwisho shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja aliyeumia ama aliyekufa. Komprihensivu yangu ilikuwa imeongeza matengenezo ya gari langu mwenyewe, wizi na moto, lakini hiyo milioni 3 haikuisogeza hata shilingi, na mie sikuwahi kuuliza kwa sababu karatasi zile nani asoma.

Kesi ikaja 2019, hukumu ikatoka 2022. Hakimu alipiga hesabu ya maumivu, mguu wa bandia na kuubadilisha miaka inavyokwenda, na kazi aliyopoteza, ikafika milioni 5.2, akatoa asilimia 20 kwa vile boda haikuwa na taa. Ikabaki milioni 4.16. Bima wakalipa 3 zao wakanawa mikono. Milioni 1.16 ikabaki juu yangu, gharama za kesi mbali. Mpwa wangu naye kwenye kesi yumo, lakini utamdai nini kijana ambaye hata simu yake ina ufa? Gari langu, mabati yangu, nimemtuma mie, sheria inanishika mie.

Wakili wao akaniandikia barua ya adabu sana, na katikati ya barua kaitaja nambari ya ploti yangu. Hapo ndo nilifahamu kuwa watu washapekua ardhi. Tukakaa tukaelewana, laki tatu taslimu na elfu 40 kila mwezi, karibu miaka miwili. Mke wangu mpaka leo akiona Probox nyeupe hugeuza uso.

Sasa turudi kwa shemeji yako. Yeye kwao yuko sawa. Minnesota sheria inamlazimisha dereva awe na bima ya dola elfu 30 tu kwa mtu mmoja aliyeumia, na kwao kesi kama hizi zinaweza kuamuliwa na baraza la raia wa kawaida, wakikasirika wanatoa pesa za kutisha. Ndo maana mwavuli wa kule mara nyingi unaanzia dola milioni 1. Lakini muulize vizuri atakwambia hakuuziwa hivi hivi, kwanza walimpandishia bima ya gari na ya nyumba mpaka kiwango wanachotaka wao, halafu ndo mwavuli ukakaa juu. Mwavuli haukai hewani. Halafu, na hili ndo lakuhusu weye, mwavuli wa mtu binafsi kwa kawaida haugusi biashara. Tuktuk ni biashara. Vyumba vya kupangisha navyo nusu ni biashara. Kwa hivyo hata ungeuleta ule wa shemeji kwa meli ukashushwa Kilindini, sehemu inayokutia hatarini zaidi ingebaki nje inanyeshewa.

Huku kwetu kesi yaamuliwa na hakimu ama jaji, anaangalia kesi zilizotangulia mguu umelipwa ngapi, pesa hazirukiruki kama za Marekani. Shimo lako lina kina lakini kina chenyewe chapimika. Mie nilipomaliza deni nilienda kwa broka nikamwambia nataka mwavuli, akacheka, akasema kwa mtu kama wewe tuongeze kiwango cha kila bima uliyonayo, kisha tuone. Kwenye gari akanipandishia ile milioni 3 kwa malipo ya juu kidogo kila mwaka, ukigawa kwa miezi haifiki nauli yangu ya tuktuk ya wiki mbili. Nilijilaani.

Nyumba nayo nikakatia ile pakeji ya nyumbani. Wengi wakisikia pakeji wanafikiria wizi wa TV, lakini ndani muna vipengele vya dhima, yaani mtu akiumia kwako ama ukimharibia mtu kitu. Kuna sheria kabisa ya mwenye kukaa mahali, Cap 34, mgeni akiingia kwako salama yake ni juu yako. Angalia kiwango kilichoandikwa hapo, changu mwanzo kilikuwa kidogo mpaka nikaona haya. Na dada wa kazi aingizwe kwenye kile kipengele cha wafanyakazi wa nyumbani.

Kwangu nina minazi mitatu kwenye ua. Mwaka jana mgeni wa mpangaji aliegesha gari chini ya ule mrefu, alfajiri tukasikia kishindo, kutoka nje kioo cha mbele kimekuwa utando wa buibui na nazi imekaa juu ya boneti imetulia kama imepangwa. Nililipa kioo mwenyewe, ilikuwa rahisi kuliko kudai. Lakini nilisimama pale nikawaza ingekuwa ni kichwa cha mtoto.

Kwa hivyo ningekuwa weye kesho ningeanza na tuktuk. Hakikisha zimekatiwa za kubeba abiria kweli, maana ukikata ya binafsi ukabebea watu, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukukana na utakuwa umelipa karatasi. Uliza kwa kila abiria mwisho ni ngapi. Kisha gari, kisha nyumba. Ukishapandisha zote tatu na bado una kitu kikubwa cha kupoteza, hapo ndo mwambie broka akutafutie ya ziada ya kukaa juu, na akupe kwa maandishi inaanzia wapi, maana ikiwa ya chini inaishia milioni 3 na ya juu inaanzia 5, zile mbili za katikati ni zako.

Ajenti aliyekwambia "hii inafunika kila kitu boss", muulize swali moja tu, mkwezi akianguka kwenye mnazi wangu nani alipa? Broka wangu nilimuuliza, maana mkwezi si muajiriwa wangu, huja kuangua kila baada ya miezi mitatu analipwa kwa mnazi. Broka alinyamaza, akasema ataniulizia makao makuu. Jumamosi mkwezi yuaja, na jibu bado sijaletewa.