Wino unatoka kwenye vikopo: ninunue mashine ipi?

SWALI: Assalaam alaykum, Fundi. Natengeneza mafuta ya kuchua ya karafuu hapa Wete. Vikopo vyangu ni vya plastiki ya polipropilini, saizi tatu, kama 3,000 kwa wiki, na jina nikilichapa linabanduka kwa kucha. Nimeambiwa dawa yake ni plazima ya ombwe, yaani gesi iliyotiwa umeme ndani ya mashine iliyovutwa hewa, inayopiga uso wa plastiki ili wino ushike. Muuzaji mmoja ananisukumia mashine ya mkanda, inayopitisha vikopo mfululizo. Mwengine ana ya chumba, unajaza, unafunga, unasubiri. Ninunue ipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kati ya hizo mbili, ya chumba, wala usiumize kichwa.

Chumba cha kupakia vikopo 120, kila mzunguko ukichukua dakika 10 pamoja na kuvuta hewa na kuirudisha, kitamaliza 3,000 kwa saa nne na kitu. Ya mkanda ni ya kiwanda chenye umbo moja la bidhaa, zamu usiku na mchana. Wewe una saizi tatu. Kwenye chumba unabadilisha trei tu.

Na huo "mfululizo" usikudanganye. Ombwe haliachwi wazi: vikopo lazima vipite chumba cha kutolea hewa mlangoni na cha kuirudishia mwishoni, kila kimoja na lango lake na mipira yake ya kuzuia hewa isipenye. Mpira mmoja ukivuja, kazi yote imesimama, na spea uisubiri boti. Umeme ukikatika, kwenye chumba unarudia trei moja. Kwenye mkanda utabaki unakisia kipi kimepigwa na kipi bado.

Wakikwambia gesi ya plazima iwe oksijeni, uliza pampu ya kuvuta hewa inatiwa mafuta gani. Mafuta ya kawaida ya madini yakikutana na oksijeni nyingi yanaweza kuripuka. Yapo maalumu yasiyoungua, na bei yake chungu. Vikopo viwe vikavu, maana unyevu huihangaisha pampu. Ukishavitoa, chapa siku hiyo hiyo. Vikikaa ghalani nguvu ya plazima hufifia.

Lakini moto umejaribu? Mwali wa gesi ukipitishwa haraka juu ya polipropilini nao huufanya wino ushike, na viwanda vya chupa vinautumia sana. Kwa kikopo cha kuchapwa ubavuni tu, mimi ningeanzia huko. Wauza plazima hawakutajii, na siwalaumu.

Ukiishikilia plazima, wapelekee wote wawili vikopo vyako wenyewe, kisha vichape kwa wino wako. Usivikwangue kwa kucha tu: vipake mafuta yako ya karafuu, viache usiku kucha, asubuhi vifute kwa kitambaa. Wino ukilainika, tafuta wino mwengine kabla ya kutafuta mashine.