Jibu: Binti anachana daftari na kuwakwepa wenzake

Dada, umesema binti yako wa kidato cha pili akikosea neno moja anachana ukurasa mzima, na siku hizi anawakwepa wenzake. Hilo la pili ndilo la kutazama zaidi. Mtoto anayeamini atapendwa akiwa hana kasoro huficha anapokwama. Akificha, hakuna anayemjua hasa, na upweke huo huchochea sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Usimwambie “jitahidi” (tayari anajitahidi mno). Mpe dakika 30 za insha, kwa kalamu, bila kufuta, kisha daftari lifungwe. Alika rafiki mmoja, si kundi, wapike chapati. Zikitoka ramani ya Afrika, zinaliwa hivyohivyo. Huzuni au kukosa hamu kukifika wiki 2, mpeleke hospitali. Akitaja kufa, siku hiyohiyo, na usimwache peke yake.