Paa bapa linavuja chumba cha nyuma: usipake lami kabla hujaangalia mbao

Mkuu, pole. Umesema chumba kilichounganishwa nyuma ya nyumba ya zamani kinavuja, paa lake ni bapa la mbao lenye mkeka wa lami juu, na fundi anataka kupaka tabaka jingine la lami kazi iishe. Unauliza kama inatosha au ufumue lote. Mimi nilipaka mara tatu ndani ya miaka minne, kwa hiyo nina la kusema.

Kwanza usiliamini doa la darini. Maji yakishapenya mkeka hayadondoki palepale. Yanateleza juu ya ubao, yanashika ubavu wa boriti, yanatembea nayo mpaka yakutane na msumari au kiungo, ndipo yanaanguka. Doa langu lilikuwa kando ya taa, katikati ya chumba. Nikapanda, nikapaka lami juu ya usawa wa taa, nikashuka najipongeza. Kumbe maji yalikuwa yanaingilia kwenye kona ya ukuta, zaidi ya mita 2 kutoka pale. (Kama na lako liko karibu na taa, zima umeme wa chumba hicho kwanza, mengine baadaye.)

Namna ya kulitafuta tundu ni mpira wa maji na uvumilivu. Subiri siku kavu. Anzia chini, upande wa gata (mfereji wa maji ya mvua ukingoni mwa paa), acha maji yatiririke dakika 15 huku mtu yuko ndani na tochi. Pakiwa pakavu, panda hatua moja. Ukuta uwe wa mwisho. Ukianza na juu maji yanalowesha kila kitu na hutajua ni wapi palipoingiza. Kwangu tulipofika ukutani hazikupita dakika 5, mke wangu akapiga kelele kutoka ndani: "Funga! Funga! Yanatoka kwenye taa!"

Ila kama dari linalowa asubuhi za baridi na mvua haijanyesha, huko si kuvuja. Ni mvuke wa humo ndani unaogeuka maji ukikutana na ubaridi wa paa, na hapo hata upake lami ndoo kumi.

Sasa jambo lililonifungua macho. Nilichukua ubao ulionyooka wa mita 2, nikaulaza juu ya paa kuanzia ukutani kuelekea kwenye gata, nikaweka pima maji juu yake. Kipovu kikakimbilia upande wa gata. Nikageuza pima maji nikidhani ni bovu, kikaenda kulekule. Kipovu hukimbilia upande ulio juu, yaani gata lilikuwa juu kuliko ukuta! Paa zima lilikuwa linapeleka maji nyumbani.

Hakuna aliyelijenga hivyo. Miaka mingi nyuma mkeka uliachia kidogo pale ukutani, maji yakaingia, vichwa vya boriti vilivyochomekwa kwenye ukuta vikaanza kuoza na kushuka. Viliposhuka, mteremko ukageuka, maji mengi zaidi yakaenda ukutani, vikaoza zaidi. Na mimi kila nikipaka lami nilikuwa naweka mfuniko juu ya mbao zilizolowa ili zisikauke. Kumbuka pia uzito: maji yenye kina cha sentimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni kilo 10. Paa la mita 3 kwa 4 lenye dimbwi la sentimita 2 limebeba kilo 240, na hapo hujapanda wewe na fundi wako.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana chochote na huyo fundi, toboa dari karibu na ukuta, uchome vichwa vya boriti kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa. Zangu 3 kati ya 7 bisibisi iliingia kama kwenye sabuni iliyokaa majini. Ukikuta mbao zote ngumu, mteremko uko sawa, na shida ni lengelenge moja au mkeka umechanika mahali pamoja, basi kiraka kinatosha: kata, acha pakauke kabisa, bandika. Nje ya hapo, fumua.

Nyumba ikiwa ya zamani, huo mkeka au shiti zilizo chini yake zinaweza kuwa na asbesto, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Sampuli ipimwe kabla mtu hajaingiza grainda. Hili msilifanyie mzaha.

Siku ya kufumua turubai liwe limeshapatikana, tena kubwa kuliko paa. Mimi nilikuta mikeka miwili juu kwa juu pamoja na lami zangu tatu, na chini yake chipubodi iliyovimba, ukiivuta inakatika kama gazeti lililolowa. Boriti mbovu tulikata sehemu iliyooza, tukapachika mpya ubavuni zikafungwa kwa bolti kwenye mbao nzima. Vichwa vipya havikurudi ndani ya ukuta. Vimekalia vishikizo vya chuma vilivyofungwa ukutani.

Mteremko tuliutengeneza kwa mbao zilizochongwa kabari, zikapigwa juu ya kila boriti. Lenga sentimita 2.5 kwa kila mita 1. Inaonekana nyingi, lakini mbao hupinda na fundi hukosea, ukilenga kidogo utaishia na tambarare. Hapa ndipo watu hukwama: paa la mita 4 linapanda sentimita 10 upande wa ukuta, ongeza plaiwudi ya milimita 18, ongeza na bodi za kuzuia joto ukiziweka, halafu mkeka wenyewe unatakiwa upande ukutani angalau sentimita 15 juu ya paa lililokamilika. Kama juu yake kuna dirisha, pima kutoka kizingiti cha dirisha kushuka chini KABLA ya kununua chochote. Mimi nilibakiwa na sentimita 17 tu kati ya paa na kizingiti. Jasho lilinitoka.

Kwenye huo ukuta usikubali mkeka ubandikwe kisha upigwe lipu juu. Nyumba kubwa na chumba cha kuongezea hazitikisiki pamoja, lipu itapata ufa na hadithi itaanza upya. Fundi akate mfuo wa kama sentimita 2.5 kwenye kiungo cha matofali, achomeke bati la flashingi (la kufunika kiungo cha paa na ukuta), likunjwe kushuka juu ya mkeka. Silikoni peke yake juu ya ukuta ni ahadi ya mwaka mmoja.

Juu niliweka shiti ya EPDM (aina ya mpira wa kuezekea paa bapa), kipande kimoja bila kiungo. Mkeka wa kuchoma kwa gesi nao ni mzuri kwenye mikono mizuri, lakini moto kando ya fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) kavu na majani ya miaka yote sikuutaka. Ukiuchagua, fundi asiondoke mpaka ipite saa nzima tangu azime, akikagua kingo zote. Ukichagua mpira, lami yote ya zamani itoke kabisa, maana vitu hivyo viwili vikigusana mpira unaharibika. Na ukiufungua uache ulale nusu saa ujinyooshe kabla ya gundi. Vijana wangu walikuwa na haraka, kuna mkunjo mmoja mpaka leo nauona nikisimama dirishani.

Bodi za kuzuia joto tuliziweka juu ya plaiwudi, na chini ya bodi hizo karatasi ya kuzuia mvuke. Unyevu wa asubuhi darini ukaisha.

Dari usilifunge haraka. Nilichora duara kwa penseli kuzunguka kila alama ya maji kwenye zile boriti nzima tulizoziacha, nikaandika tarehe, nikaliacha wazi mpaka zikapita mvua kubwa mbili. Nikapanda ngazi na tochi, nikapapasa kila duara kwa kiganja. Kavu. Ndipo nikaita watu wa dari.

Tuma picha ya vichwa vya boriti ukishatoboa, na ya pima maji likiwa juu ya paa, tuone kipovu kinaelekea wapi.