Mi nachagua vijumba vya wafanyakazi

Swali lenu la wiki hii, kwamba ukiambiwa ulinde aina moja tu ya majengo ya zamani utachagua ipi, naona wengi watataja makanisa na majumba ya matajiri, mi nachagua vijumba vya wafanyakazi vya Chicago kule Marekani, vile vilivyojengwa kwa wingi baada ya moto mkubwa wa Oktoba 1871 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1900.

Kwa nje kijumba chenyewe hakina makuu. Ghorofa moja au moja na nusu, paa la mgongo, pembetatu yake inaangalia barabarani, na nyumba yenyewe nyembamba inazama ndani kwa sababu kiwanja kilikuwa futi 25 kwa 125. Kabla ya moto karibu vyote vilikua vya mbao, baadae jiji likabana ujenzi wa mbao kwa kuogopa moto, sheria hiyo ikapanuliwa 1874 ikafika maeneo mengi zaidi, basi watu wakahamia kwenye matofali.

Lakini utamu uko kwenye jinsi watu walivyoishi humo. Wahamiaji wa Kijerumani, Kiayalandi, Kipolandi, Kicheki, watu wa viwandani na machinjioni, walikopa kwenye vyama vyao vya kuweka na kukopa wakajenga kidogo kidogo. Kuna familia ilikaa chini ikapangisha juu ili kodi ilipe deni, wengine wakipata hela wanakisogeza kile kijumba cha mbao nyuma ya kiwanja, kizima kizima, halafu mbele wanajenga cha matofali. Na jiji lilipoinua barabara ili kupitisha mifereji ya maji machafu, nyumba zikabaki chini, ndo maana mtaa wa Pilsen hapo Chicago mpaka leo utakuta ua wa mbele uko shimoni na mlango unaufikia kwa ngazi juu ya hilo shimo. Historia nzima ya jiji unaisoma pale mlangoni!

Sasa ukisema jengo lilindwe wanakuuliza nani alichora, nani maarufu alikaa humo. Hapo vijumba vinafeli wakati thamani yake iko kwenye safu, vikiwa kumi vimepangana mtaa mmoja, ukitoa vitatu katikati umeua vyote. Wanasema pia vimebadilishwa sana, madirisha mapya, kibaraza kimeongezwa, jamani hayo mabadiliko ndo historia yenyewe ya mtu wa kipato cha chini!

Mwaka 2021 jiji liliweka ada ya kubomoa kwenye baadhi ya mitaa, wakati huo ilianzia dola 15,000. Ni hatua nzuri ila kwa mtu anaenunua viwanja viwili apandishe jumba moja la kifahari hiyo anaiweka tu kwenye bei ya kuuzia. Mi ningetaka mtaa mzima uorodheshwe pamoja kwenye majengo ya kulindwa, na wenye nyumba wapewe mikopo ya riba ndogo ya kutengeneza paa na msingi, maana wazee wengi wanauza kwa kushindwa matengenezo, sio kwamba wamechoka kukaa hapo.