Kufunga mchezo wa vishale

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza kwa nini unawatangulia wenzako kwa alama klabuni lakini wanakupita mwishoni, ilhali mashindano ya Kampala yamekaribia. Naamini kinachokuangusha ni hesabu, wala si mkono. Mchezo huanzia 501, alama unazopata hutolewa humo hadi ibaki sifuri kamili, na kishale cha mwisho, kinachofunga mchezo, lazima kiingie kwenye ukanda mwembamba wa nje unaozidisha namba mara mbili. Kwa hiyo jizoeze kujiachia 32: ukilenga 16 ya mara mbili, kishale kikaangukia ndani kidogo kwenye 16 ya kawaida, unabakiwa na 16, ambayo hufungwa kwa 8 ya mara mbili, na ukikosea tena vivyo hivyo unashuka hadi kulenga 4 ya mara mbili, kisha 2 ya mara mbili, bila kupoteza kishale cha kurekebisha. Anayejiachia 38 akapata 19 hubakiwa na namba witiri, nayo haifungiki kwa kishale kimoja. Wachezaji wa kulipwa wanaokutana kwa mashindano ya dunia katika ukumbi wa Alexandra Palace, London, hupanga njia hii mapema.

Nyumbani, kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni, nawe usimame mita 2.37 kutoka usoni pake; tumia utepe wa fundi, maana hatua za miguu hudanganya. Kila jioni funga 32 mara kumi kabla ya kupumzika.