Kaimu wa Kujiteua

Kuna kipindi wenzangu kazini walinibatiza jina: Kaimu. Si kwamba nilikuwa nakaimu nafasi yoyote. Nilikuwa karani wa ghala, basi. Jina lilikuwa la kejeli, na kusema kweli nilijitakia: nilitaka kuongoza wenzangu bila cheo.

Ilianza hivi. Karibu kila wiki mzigo unatoka ghalani, unafika kwa mteja, halafu unarudi kwa sababu sio alioagiza. Mauzo wanasema ghala hatusomi oda. Sisi tunasema mauzo wanabadilisha oda wakati gari limeshapakiwa. Kikao kinaisha kwa kuhimizana tuboreshe mawasiliano, wiki inayofuata lori linarudi tena. Nikachoka. Nikachukua daftari nikawa naandika kila mzigo uliorudi: oda namba ngapi, imebadilishwa na nani, gari lilipakiwa saa ngapi. Hakuna aliyenituma.

Mpaka hapo nilikuwa sawa, na ningekushauri uanzie hapohapo: kazi isiyo na mwenyewe. Kila ofisi inayo. Mara nyingi imelala katikati ya idara mbili, kila upande ukiamini ni ya wenzao. Ukigusa kazi ya mtu utaambiwa unajipendekeza, ila hii ya katikati hakuna wa kukugombeza.

Nilipoharibu ni pale nilipoingia na daftari kikaoni, nikasimama, nikasoma. Tarehe, oda, jina. Tarehe, oda, jina. Mama mmoja wa mauzo, ambaye jina lake lilikuwa limeshatajwa mara tatu, alifunika kalamu yake taratibu akabaki ananitazama. Meneja akanishukuru, nikatoka nimevimba kichwa. Kuanzia siku ile nikipiga simu mauzo inaita mpaka inakatika.

Nilikuwa na ukweli wote, na haukunifaa kitu. Bosi akisoma majina, watu watanuna lakini kesho watatekeleza, maana yeye ndiye anayesaini likizo zao. Wewe huna hiyo fimbo. Mwaka 1959 wanasaikolojia wawili, John French na Bertram Raven, walitaja vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya wenzake: wadhifa, uwezo wa kutuza, uwezo wa kuadhibu, ujuzi, na ile hali ya watu kukukubali wenyewe. Vitatu vya mwanzo kwa kawaida huja na kiti. Asiye na kiti amebakiwa na viwili, na mimi nilikitumia kimoja kukichoma kingine.

Nikamfuata yule mama mezani kwake jioni, watu wameshaondoka. Nikamwomba radhi, bila kuongeza "lakini". Kisha nikamuuliza swali ambalo ningelianza nalo tangu siku ya kwanza: mteja akibadilisha oda, yeye anafanya nini?

Akavuta droo, akatoa fomu ya mabadiliko, akaweka kidole kwenye nafasi ya sahihi ya msimamizi. "Huyu yuko vikaoni mpaka saa sita. Mimi mabadiliko ninayo saa tatu. Nifanyeje?"

Magari yetu yalikuwa yanapakiwa saa nne. Daftari langu lote lile halikuwa na hilo.

Tukaenda kwa msimamizi wote wawili, na aliyezungumza ni yeye, si mimi. Hatukuomba utaratibu ubadilishwe. Tuliomba wiki mbili za majaribio: mauzo wapige simu ghalani mara tu mteja anapobadilisha, tuliweke pembeni gari hilo, sahihi ifuate baadaye. Ikishindikana tunarudi kwenye fomu. Omba jaribio dogo lenye mwisho. Bosi anayeogopa mabadiliko haoni sana cha kuogopa katika wiki mbili. Mizigo ikapungua kurudi, mpaka lori likirudi inakuwa habari.

Kwenye taarifa kwa wakubwa, wazo likageuka la msimamizi. Iliniuma, sitakudanganya. Nilimeza, kwa hesabu kwamba akishaliita lake atalilinda. Lakini kumeza huko kuwe kwa mara moja tu. Akirudia, muulize ana kwa ana, tena kwa utulivu, jinsi taarifa ijayo itakavyoandikwa.

Na kuna jambo wanaohimiza watu "kujituma" huwa wanaliruka: ukizibeba kazi za watu vizuri, utaongezewa nyingine. Cheo hakuna, nyongeza hakuna, ila kila tatizo utasikia "muulize Kaimu". Jiwekee tarehe. Mimi nilijipa miezi sita, kisha nikaenda kwa meneja na karatasi moja: kazi tatu ninazofanya ambazo hazimo kwenye mkataba wangu, nimezifanya tangu lini, na nini kitakwama nikiziacha. Sikutishia kuondoka. Niliuliza zipi niendelee nazo, na kwa masharti gani.

Mbili ziliingizwa kwenye majukumu yangu rasmi, pamoja na nyongeza ambayo haikuwa kubwa. Ya tatu, ile ya kufuatilia mizigo inayorudi, akapewa kijana mgeni wa mauzo. Nikamkabidhi daftari. Kurasa za mwanzo, zile zenye majina, nilikuwa nimeshazichana.